Mke wa Majaribio na Mama wa Kudhaniwa

Idara ya Uwiano wa Majina ilikuwa na furaha kuutangazia umma wa mji wa Townsville, wenyeji na wageni, waliokuja kwa ndege na waliokuja kwa ndoa, kwamba tatizo lililoisumbua nchi kwa miaka mingi limepatiwa ufumbuzi. Tatizo hilo ni wanawake kuwa wengi kuliko walivyo.

Uchunguzi wa kina ulikuwa umebaini kwamba mwanamke akiolewa huwa wawili. Mmoja hubaki kwenye cheti cha kuzaliwa, mwingine hujitokeza kwenye cheti cha ndoa, na wote hutumia mswaki mmoja. Kitakwimu, hali hiyo haivumiliki. Kuanzia Julai, kila mwanamke anayeomba makazi atachagua jina moja, la kwao au la mumewe, na akishachagua amechagua. Umma uliombwa uwe mtulivu.

Umma ulikuwa mtulivu sana, kwa kuwa tangazo lilibandikwa ndani ya lifti na lifti ilikuwa mbovu.

Jovelyn Cabahug alipanda ngazi. Ndiyo maana alifika kwenye kaunta akihema, bahasha kwapani, bila kujua kwamba yeye ni wawili.

Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mzaliwa wa Cebu kule Ufilipino, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao kule karibu na mto. Alikuwa ameolewa na Graeme Tuckett, fundi wa majokofu, mtu wa miraba minne ambaye maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kikombe cha chai. Ndani ya bahasha mlikuwa na maombi mawili. La kwanza lake mwenyewe, la makazi ya kudumu. La pili la binti yake Aljane, aliyebaki Cebu na bibi yake. Baba wa Aljane alipotea kabla mtoto hajazaliwa, na hakuna aliyemtafuta kwa bidii, kwa hiyo mtoto aliandikishwa kwa jina la mama: Cabahug. Sasa miguu ya bibi ilikuwa imevimba, na mjomba wa Davao alishasema atamchukua bibi mwisho wa mwaka. Mtoto hakutajwa. Nyumba ya mjomba, ilisemekana, ilikuwa imejaa.

"Utatumia jina gani?" aliuliza Kerry-Anne, karani wa kaunta, huku akitafuna chingamu.

"Langu. Cabahug. Liko kwenye pasipoti."

Kerry-Anne akaacha kutafuna. Akamtazama Graeme aliyekaa kwenye benchi na kofia yake magotini, kisha akamrudia Jovelyn na kushusha sauti kama mtu anayetoa habari za msiba.

"Dada yangu, hilo linakwenda juu. Ngoja nimwite mkubwa."

Mkurugenzi Neville Ashcombe alikuwa mtu nadhifu, wa kuheshimika, aliyenyoosha hata kamba za viatu vyake. Aliwakaribisha ofisini, akawapa maji, akawaeleza kwa upole.

"Bibi Tuckett..."

"Cabahug," alisema Jovelyn.

"Hapo ndipo penye kidonda. Mke asiyebeba jina la mume ana kile tunachokiita upungufu wa mapenzi ya kimaandishi. Simaanishi humpendi. Pengine unampenda mpaka unaumwa. Ila kwenye faili hampendani hata kidogo. Kwa mujibu wa kanuni, wewe ni mke wa majaribio."

"Nimekaa naye miaka minne!"

"Majaribio marefu. Hongera."

Jovelyn akamsogezea bahasha. "Basi niandike Tuckett. Yaishe."

"Vizuri sana," alisema Mkurugenzi, akachukua kalamu, kisha akaiweka chini kwa huzuni ya kweli. "Ila mtoto anaitwa Cabahug. Ukiwa Tuckett, kuna mtoto mmoja huko Cebu ambaye mama yake, Bibi Cabahug, hayupo tena duniani. Wewe unakuwa mama wa kudhaniwa. Na mama wa kudhaniwa hawezi kumleta mtoto. Tukiruhusu hilo, kila mtu atadhania."

"Kwa hiyo nichague kuwa mke au kuwa mama?"

"Umeelewa haraka," Mkurugenzi alimsifu. "Wengine huchukua wiki."

"Siwezi kuwa vyote viwili? Cabahug-Tuckett? Nimeona watu wanaweka kistari katikati."

Mkurugenzi akafumba macho. Kistari kilikuwa kimejaribiwa. Kompyuta ya Idara ilikisoma kuwa alama ya kutoa, ikapiga hesabu, na mwanamke mmoja wa Bowen akatoka na jina lenye herufi tatu tu. Hadi leo anaandikiwa barua kwa jina hilo.

"Nendeni mkafikirie," alisema. "Idara haimlazimishi mtu. Idara inasubiri tu."

Jumapili baada ya misa, wanawake wa Kifilipino walikutana kama kawaida kwenye uzio wa nyuma wa kanisa, wakala tambi na wali, wakamjadili Jovelyn akiwa palepale.

"Chukua la mzungu," alisema mmoja. "Utaitwa haraka hospitalini."

"Thubutu!" akadakia Nenita, mkubwa wao kwa umri na kwa sauti. "Mimi nilichukua. Mume akaenda zake na mwalimu wa kuogelea, jina likanibaki kama harufu ya samaki mkononi. Nasugua, nasugua, halitoki. Mpaka leo nikisaini nasikia kichefuchefu."

"Da Nenita, mimi nina mtoto anasubiri."

"Najua, mdogo wangu. Ndiyo maana nakutilia wali. Kula."

Jioni hiyo Jovelyn alimpigia Aljane. Mtoto alikuwa amekaa kitandani kwa bibi, amevaa sare ya shule ingawa ilikuwa Jumapili. Alisema anaizoea, asije akachelewa siku ya safari. Jovelyn akaona ni afadhali amwambie ukweli kidogo kidogo.

"Mwanangu, wanataka mama achague jina."

"Lipi na lipi?"

"La kwetu, au la baba Graeme."

Aljane akawaza. "Ukichukua lake, mimi nitabaki Cabahug peke yangu na bibi?"

"Sijui, mwanangu."

"Na bibi akienda Davao?"

Jovelyn alijifanya mtandao umekatika. Akaizima simu, akaiweka kifudifudi mezani, akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Graeme alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote, na ingawa Kisebuano chake, lugha ya Cebu, kilikuwa cha kuombea chumvi tu, kuosha sufuria safi hakuhitaji mkalimani.

"Hilo jina la Tuckett," alisema. "Baba yangu alinipa hilo na hii pua. Nilipokuwa na miaka sita alisema anakwenda kununua chambo. Hajarudi hadi leo."

"Unamaanisha nini?"

"Sina shida nalo. Wala silihitaji." Akajikuna kidevu. Hotuba ilikuwa imemchosha. "Mimi nitakuwa Cabahug."

Jovelyn akageuka, sufuria mkononi. "Wewe?"

"Graeme Cabahug. Naona lina mlio."

"Watakucheka karakana nzima!"

"Wananicheka tangu nilipojifungia kwenye friji la mochwari. Hili litawapumzisha na lile."

Akacheka kwanza, Jovelyn, cheko la nguvu mpaka akashika sinki. Kisha kicheko kikageuka katikati bila kumwomba ruhusa, akalia kwenye shati la mumewe lenye harufu ya grisi, na Graeme akabaki amesimama kama jokofu, akimpigapiga mgongoni.

Karakana ilifanya kama ilivyotarajiwa. "Bi harusi huyo!" walimpigia miluzi. "Shela umenunua?" Mmoja akamletea maua ya plastiki. Graeme aliyaweka kwenye dashibodi ya gari, akaenda kwa msajili akabadilisha jina, na ilichukua muda mfupi kuliko kubadilisha gesi ya jokofu.

Wakarudi kwenye kaunta. Kerry-Anne alizisoma karatasi mara mbili.

"Wewe ndiye mume?"

"Ndiye."

"Na wewe ndiye uliyebadilisha?"

"Ndiye."

"Basi natakiwa nikuulize," alisema, akikaza uso kwa taabu, "jina lako la usichana."

"Tuckett," alijibu Graeme.

Kompyuta ilikubali. Mume Cabahug, mke Cabahug, mtoto Cabahug. Kanuni ilisema wazi kwamba familia yenye jina moja isiulizwe lolote, hata hali. Mke hakuwa tena wa majaribio, mama hakudhaniwa tena. Ilibaki sahihi ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi Ashcombe alipoliona faili hakusaini. Alilipeleka dirishani akalitazama kwenye mwanga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona hatari ambayo wengine hawakuiona: kama mafundi wa majokofu wataanza kuchukua majina ya wake zao, wanaume watapungua kitakwimu, na mwisho wake watabaki wangapi wa kuongoza idara? Akajifungia, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameandika waraka wa dharura wenye kurasa nyingi na maneno mazito. Kila mwanamume aliyeoa, awe raia, mgeni au mtumishi wa serikali, afike kaunta pamoja na mkewe kuthibitisha kwamba wana jina moja. Watakaoshindwa, ndoa zao ni za majaribio, na wakiwa wanakaa nyumba za watumishi wenye ndoa, wahame. Mtumishi ambaye jina lake halijathibitishwa asisaini chochote. Wenye majina ya kuazima, alijiambia, wataona haya wenyewe na kuyarudisha.

Aliusaini kwa wino wa kijani. Ulikuwa waraka safi. Ulimsahau mtu mmoja tu, naye ni daktari wa meno.

Siku Jovelyn alipoitwa kufuata jibu la Aljane, foleni ilikuwa imeshuka ngazi hadi barabarani. Wanaume walisimama na wake zao kama watoto walioletwa shuleni kwa kosa. Mbele kabisa, kaunta ya Kerry-Anne, alisimama Mkurugenzi Ashcombe, na kamba ya kiatu kimoja ilikuwa imefunguka. Pembeni yake mwanamke mrefu mwenye koti jeupe alikuwa akitazama saa.

"Sheria ni ya wote, mkubwa," Kerry-Anne alikuwa akisema. "Mimi karani tu. Mkeo anaitwa Dokta Henrietta Bogg. Wewe Ashcombe. Hapa imeandikwa hampendani hata kidogo."

"Henrietta," Mkurugenzi alinong'ona, "ungeandika tu Ashcombe. Karatasi tu, mpenzi."

"Neville." Daktari hakunong'ona. Alizoea kuongea na watu wenye pamba mdomoni. "Jina langu liko mlangoni, liko kwenye gari, liko kwenye meno ya nusu ya mji huu. Lako liko wapi?"

"Kwenye mlango wa ofisi."

"Ule wa kubandika?"

Foleni ikakohoa kwa pamoja.

"Wakati huohuo," Kerry-Anne aliendelea, "hii hapa viza ya mtoto wa Jovelyn imekamilika, inakusubiri. Lakini huwezi kusaini. Huna jina lililothibitishwa. Na nyumba mnatakiwa mhame Ijumaa."

"Tuhame?" daktari alisema. "Nina wageni Jumamosi."

Jovelyn alijikuta amesogea hadi kaunta. Njiani alikuwa amejiandalia maneno makali, tena mengine ya Kisebuano, lakini alipomwona yule mtu amesimama pale na ile kamba ya kiatu, alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyosimama pale akihema.

"Bwana Mkurugenzi," alisema. "Si kitu kibaya. Mume wangu ana jina jipya tangu mwezi jana. Anakula vizuri, anakoroma vilevile. Siku ya kwanza wanakucheka, ya pili wanachoka."

"Walimletea maua," mzee mmoja alisema kutoka kwenye foleni.

"Maua mazuri," Jovelyn alikubali. "Wewe saini tu, baba. Mtoto wangu analala na sare."

Mkurugenzi alimtazama, akamtazama mkewe, akaitazama foleni ambayo yote ilikuwa imeinua shingo, hata waliokuwa kwenye ngazi. Kerry-Anne akamsogezea fomu ya kubadili jina. Aliijaza bila kuinua kichwa. Kompyuta ikawaza kidogo, ikakubali, na papo hapo ndoa ya Mkurugenzi ikaanza kuwa na mapenzi.

Kisha akasogezewa viza ya Aljane Cabahug. Akakamata kalamu ya wino wa kijani, akatua mkono kwenye mstari, na kwa mwandiko wa mtoto anayejifunza herufi akaanza kuandika jina lake jipya, polepole, akiuma ulimi.

Daktari akainama juu ya bega la mumewe.

"G mbili, mpenzi," alisema.