Seva Yakataa Akoume

Jumatatu, 9 Juni
Itangazwe kwa wakubwa na wadogo: leo mimi, Messanvi, fundi wa kompyuta wa redio yetu hapa Lomé, nimepewa kiti cha kuzunguka. Nimezunguka hadi kichefuchefu.
Furaha fupi! Mkurugenzi, Madamu Ayélé, katamka kwamba mafundi wawili ni wengi. Ijumaa atabakiza mmoja kwenye seva, kompyuta kuu inayorusha matangazo yetu: mimi, au Mawuena, yule binti aliyesomea Accra. Umri huu wangu, nani mwingine ataniajiri?

Jumanne
Mpango! Seva inapowaka, kabla nembo haijatoweka, ukibonyeza F2 unaingia kwenye mipangilio yake. Huko unaweka neno la siri. Bila neno, haiamki. Bila mimi, redio bubu!
Nikabonyeza. Nimechelewa. Zima, washa, nikabonyeza kama anayetwanga fufu. Nimo! Neno: akoume, sima niipendayo. Kiooni zikatokea nyota tu badala ya herufi. Nikajaribu: imekubali. Nikasherehekea hapohapo kwa akoume ya kweli. Mchuzi wa samaki ukamwagikia kibodi.

Jumatano
Mawuena, anayeniita fofo, kaka mkubwa, kanichokoza: fofo, kibodi hii tuiandikie au tuilambe? Kachomeka yake ya Kiingereza, ya Accra, ilhali yetu ni ya Kifaransa. A imekaa mahali pa Q! Nikamwambia hao jirani hata herufi wanazipanga kishoto. Akacheka tu.

Alhamisi
Umeme ukakatika kabla ya matangazo ya vifo ya mchana. Yote yamerekodiwa ndani ya seva. Jenereta ikanguruma, seva ikadai neno la siri. Madamu akauliza neno gani tena hilo. Nikasogea kwa madaha. Akoume. Imekataa! Tena, herufi mojamoja. Imekataa! Mara ya tatu ikaganda. Zima, washa, F2! Huko nako ikadai neno lilelile.
Jasho. Ukumbini umekaa ukoo mzima wa marehemu, sare za msiba mwilini, wakisubiri jina lake lisomwe. Mjomba mtu akafoka: "Sisi tumeshavaa, nyinyi bado mnabonyeza?"
Nikailaumu kibodi ya Accra. Mawuena akanirushia ya zamani: "Haya, fofo, chukua samaki wako!"
Akoume. Imekubali! Marehemu akatangazwa kwa kuchelewa. Mjomba mtu akapiga makofi, msibani!

Ijumaa
Nimemwambia Madamu kilikuwa kirusi cha kompyuta. Hakuamini.
Ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: seva inapoamka haijui Kifaransa. Kila kibodi huisoma kwa Kiingereza. Jumanne nilibonyeza A yetu, yenyewe ikapokea Q. M yetu ikawa nukta-mkato. Alhamisi A ya Accra ikaingia A kweli, ndiyo maana ikakataliwa. Nyota zikanificha upuuzi wangu. Kirusi hakikuwapo. Niliifungia redio mlango, nami nikabaki nje.
Seva kapewa Mawuena. Mimi nimewekwa mapokezi, kwenye simu. Kumbe simu nayo inafungwa kwa tarakimu za siri! Nimeshaziweka. Sasa hakuna atakayepiga bila mimi. Ni nne, saba, moja, halafu... nilikuwa nayo sasa hivi.