Lupango Langu na Fujo za Bibi Arusi

Mheshimiwa Mzee Harerimana, Mkuu wa Mudugudu wetu, Mururu,

Pokea heshima zangu. Naomba fidia ya mali iliyoharibiwa na fujo za raia za Jumamosi, ambazo wewe mwenyewe ulizihudhuria ukipuliza filimbi.

Chanzo ni neno moja. Nilikulia Bukavu, na Kiswahili ndicho kinanitoka kwanza. Nikasema pale bombani kwamba nitapokea mgeni. Majirani wakasikia Kinyarwanda: umugeni, yaani bibi arusi! Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlikuja wote, na ngoma na kwaya. Nilifurahi, nikadhani Mururu siku hizi inapenda wageni. Kumbe! Pazia lilipofunguliwa akatoka rafiki yangu Bashige, fundi wa redio, na ndevu zake na mswaki mdomoni. Mama mmoja alizimia juu ya kiti changu. Mama mzima, kiti marehemu.

2. Umati ulidai bibi arusi. Ulimtafuta chini ya kitanda, hata ndani ya pipa la maji. Lupango langu, ua wa matete, likaanguka, migomba ikakanyagwa.

3. Kasiksi yangu, pombe ya ndizi niliyomwekea Bashige, ilinywewa yote, eti ya kutuliza hasira. Hasira haikutulia, ilianza kucheza.

4. Sasa hadi Gikundamvura wanasema bibi arusi aliona nyumba yangu akakimbia. Mzee, muntu anaachwaje na mwanamke ambaye hakuwahi kuwapo? Tangu mke wangu afariki nilikuwa nimeuzoea ukimya. Ninyi mmeijaza nyumba ngoma asubuhi moja, mkaondoka nazo. Sasa ukimya unaniuma.

5. Kwa hiyo mudugudu unilipe kile kile ulichokuja kudai: bibi arusi. Na Maman Umurerwa, yule mjane aliyeongoza fujo akishika mwiko, aadhibiwe kuliko wote.

Nisalimie Maman wa nyumbani, kwaya nzima, na aliyeondoka na sufuria yangu. Aje achukue na kifuniko.

Mimi raia mtiifu, nisiye na ua,
Vénuste Habumugisha

N.B. Kabla sijapata bahasha, Maman Umurerwa alikuja kuomba msamaha. Batoto bake bakafagia kiwanja, yeye akapika, tukaongea mpaka chai ikapoa. Malalamiko yote nayafuta. Jumamosi ijayo napokea umugeni. Nimeandika Kinyarwanda, tafadhali msije mkasikia mgeni. Lupango nimeliacha chini kwanza, mpate pa kuingilia.