Hewa Moto Juu ya Buluo

Jumamosi, 7 Mei 1988
Salongo tena. Kila Jumamosi Chama kinataka jasho letu, basi tangu asubuhi nachimba mtaro wa mtaa. Floribert hachimbi. Yeye anafundisha wamama ngoma za sherehe ya Chama, kwa hiyo anasimama kivulini na filimbi mdomoni. Muntu ninayeimba naye kwaya moja! Wivu ukanipanda. Mkubwa wa Chama alipopita, mdomo wangu ukasema kwamba siku ya sherehe, tarehe 20, nitaruka juu ya gwaride na bendera ya kijani. Angani! Mkubwa akaninyang'anya jembe, akanishika mkono. Floribert karibu ameze filimbi.
Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka jambo moja. Minye naogopa hata ngazi.

Jumanne, 10 Mei
Musyo Benoît, fundi Mbelgiji ninayemchungia nyumba, ana bawa la kitambaa la kurukia angani, lenye kamba nyingi kama wavu wa samaki na mkanda wa kujifunga kiunoni. Amekubali kunifundisha. Anasema jua linapasha ardhi moto, mwamba na mabati zaidi, na hewa yake inanyanyuka kama mvuke wa sufuria ya bukari, ugali wetu. Ukiingia ndani yake, zunguka kama mwewe, itakupandisha. Ukitoka, pembeni hewa inashuka na weye unashuka nayo. Akanionya: mwanafunzi anaruka asubuhi, hewa ikiwa bado imelala. Saa sita, kamwe.
Nilikimbia kwenye mteremko. Nikanyanyuka kimo cha mbuzi. Niliita watakatifu wote, hata wale ninaowachanganya majina.

Alhamisi, 12 Mei
Sikukuu ya Kupaa Bwana. Padri alisoma jinsi wingu lilivyompokea, kanisa zima likageuka kunitazama. Nje Floribert akaniuliza viatu namwachia nani, maana miguu yetu ni sawa. Watu wakacheka. Bibiane, muke wangu, hakucheka. “Baba Damas, mwewe iko na mabawa. Weye iko na nini? Tumbo!”
Kweli tupu. Nikaenda kwa mkubwa kumwambia naumwa. Akasema pole. Akasema pia kwamba wageni wanatoka Lubumbashi kuniona, na kwamba anayeahidi Chama asitimize hulala mahali fulani. Akatazama upande wa Buluo, kwenye gereza.
Nikapona hapo hapo.

Jumapili, 15 Mei
Baada ya rozari, akili ikaja. Gwaride ni saa tatu asubuhi. Hewa itakuwa imelala. Nikiruka kutoka kilima kilicho karibu na uwanja, nitashuka moja kwa moja chini kabla ya kuufikia. Basi nitaiamsha mwenyewe! Shemeji yangu Adolphe anachoma matofali chini ya kilima kile. Awashe tanuru, hewa moto ipande, nami nipande nayo. Nimejaribu nyumbani: unyoya wa kuku juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Umepanda vizuri sana! Halafu umeungua. Hilo la pili sikulipenda.
Musyo Benoît sikumwuliza. Yuko kazini Kolwezi, na kuuliza sana kunapunguza heshima.

Jumatano, 18 Mei
Sili. Silali. Bibiane amefua suti yangu. Nikamwuliza kwa nini. Amesema watu wasije kusema alinizika mchafu.

Ijumaa, 20 Mei
Naandika katika chumba cha walinzi. Nitaeleza.
Wageni walichelewa. Asubuhi yote minye kilimani na bendera kifuani, Adolphe akiongeza kuni. Saa sita ndipo ngoma zikaanza. Saa sita! Nikakumbuka onyo la Musyo Benoît. Nikakumbuka pia Buluo. Nikakimbia.
Mama Maria! Hewa ya tanuru ilinipokea kama teke kwenye mpira. Juu, juu, moshi machoni, nikikohoa Salamu Maria. Halafu ikanitema pembeni, nikaanza kushuka, moyo ukabaki juu. Upepo ukanibeba mbali na uwanja. Niliwaona watu wote, wadogo kama siafu. Hakuna hata mmoja aliyenitazama. Walikuwa wanamtazama Floribert!
Bendera ikanifunika uso. Kwa hofu nikang'ang'ania kamba moja tu. Bawa likaanza kuzunguka, kama mwewe kabisa, nikapanda tena. Nikafunua jicho moja nione kinachonipandisha. Mabati. Mabati mengi yanayong'aa, na ukuta mrefu kuyazunguka. Nilipoyatambua, mikono ikaachia kamba yenyewe; bawa likaacha kuzunguka, likatoka kwenye hewa moto, tukashuka.
Nimeangukia shamba la mihogo la gereza. Wafungwa waliokuwa wanalima wakapiga makofi. Mlinzi hakupiga. Alinitazama mpaka akachoka. “Baba, bantu bote humu banatafuta kutoka. Weye unatafuta kuingia?”

Jumamosi, 21 Mei
Nimetoka. Mkubwa alikuja mwenyewe, jasho likimtiririka, kwani wageni walimwuliza bendera ya Chama imefuata nini gerezani. Aliwajibu kwamba ilipangwa hivyo: hata wafungwa ni watoto wa Chama. Wakafurahi. Minye nimerudishwa mtaroni, na Floribert anisimamie. Anapiga filimbi hata nikipumua.
Namshukuru Mungu, kweli. Niliapa juu ya rozari kubaki ardhini mpaka kufa. Kisha Floribert akasema, wamama wote wakisikia, kwamba kuku akishaanguka paani hapandi tena.
Mkubwa alikuwa anapita. Mdomo ukaniponyoka. Sherehe ya 24 Novemba, nimesema, nitaruka na bendera mbili.
Nimerudi nyumbani. Bibiane, anayeshona bawa la Musyo Benoît kabla mwenyewe hajarudi, ameniuliza kama nimesahau kwamba Novemba ni mvua, na tanuru halipendi mvua. Sijasahau! Nimeshamwambia Adolphe: safari hii tanuru kubwa zaidi, na juu yake paa la mabati.