Shamba Lako Halina Sarafu, Baba Mkubwa

Kwa Baba Mkubwa mpendwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SHAMBA LA BONDENI NA OMBI LA KUAHIRISHA KULIMA

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Mkubwa hamjambo na goti limepoa. Sisi ni wazima na tuna furaha kupita kiasi. Leo ni siku ya arobaini na moja tangu nifunge ndoa na mume wangu, mtoto wa mdogo wako. Napenda sana kuandika hayo maneno mawili, "mume wangu", kwa hiyo naomba univumilie yakijirudia.

Naandika kwa heshima zote, lakini kwa uchungu.

Kama unavyokumbuka, pete tulizovishana siku ya harusi zilikuwa za wifi na mumewe. Jumatatu tulizirudisha, tukiwa tumezifuta vizuri. Mume wangu, fundi wa kuchomelea, hakukubali nibaki na kidole kitupu. Alichukua washa ya boliti ya kumi na sita, kile kiduara cha chuma chenye tundu kinachokaa chini ya nati, akaipiga msasa mpaka ikang'aa, akanivisha na kusema, "Hii ya muda tu, mke wangu. Ya kweli nitaitoa ardhini kwa mikono yangu." Tangu hapo anaazima kwa bosi wake mashine ya kutafutia vyuma, ile yenye mpini mrefu na sahani chini, na kila akitoka kazini anapita shambani kwako akitafuta sarafu ya kale, ya zile zenye tundu katikati. Ukilipanua tundu taratibu na kuigonga sarafu kuzunguka nondo, unapata pete. Wewe mwenyewe ulituruhusu tuchimbe mpaka siku ya kulima.

Sasa nasikia trekta linakuja Jumamosi. Likishapita na mbegu zikaingia, hakuna wa kukanyaga humo mpaka mavuno mengine, na miezi yote hiyo mimi nitakuwa mke wa mtu kwa washa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Shamba halina sarafu. Kwa mahindi sina neno nalo. Lakini kwa wiki tano limetoa misumari, kopo la samaki, jembe lisilo na mpini, na kijiko ambacho Mama Mkubwa alikitambua kuwa chake, akakichukua bila hata asante. Mengine yote ni vizibo vya soda.

2. Kuhusu hivyo vizibo. Mashine haijui tofauti ya kizibo na sarafu, inalia vilevile. Kila ikilia mume wangu anapiga magoti, anafukua kwa vidole, kisha ananitazama kwa yale macho yake. Baba Mkubwa, hujui uchungu wa kumwona mwanamume mzuri namna ile akinyanyuka na kizibo cha soda ya chungwa. Naomba wafanyakazi wako wanywe maji.

3. Hili ni gumu kusemwa na mkamwana mgeni. Babu zenu walikuwa waangalifu mno. Ukoo huu umelima bonde hilo vizazi vinne. Katika vizazi vinne hakuna hata mmoja aliyetoboka mfuko? Hakuna aliyeinama kupalilia, kitu kikamponyoka? Hakuna aliyetoka sokoni amelewa kidogo, akakatiza shambani? Kwetu, babu yangu alipoteza kofia tatu, baiskeli, na kwa siku nzima alimpoteza mama yangu mdogo akiwa mtoto, na mpaka leo tunamkumbuka kwa upendo. Sisemi babu zenu walikuwa wachoyo. Nasema tu kwamba hawakuwafikiria wakamwana watakaokuja.

4. Siku ile ulisimama ukingoni mwa shamba ukacheka. Ulisema, "Mkamwana, humo mtavuna vizibo, mkapike supu!" Mume wangu alicheka pia, kwa adabu. Tulipofika nyumbani alikula nusu sahani. Huyu ni mtu ambaye kwa kawaida anamaliza yake, kisha ananisaidia yangu.

5. Washa yenyewe. Nafanya kazi katika duka la fotokopi, mikono yangu iko mbele ya watu kutwa nzima. Juzi mama mmoja aliacha karatasi zake kwenye mashine akaniuliza, "Mwanangu, hicho chuma kimekunasa? Nikuitie mtu?" Nilimjibu kwamba nimependwa. Akaniangalia kwa huruma, akaondoka na nakala pungufu.

Kwa hiyo naomba trekta liahirishwe kwa msimu mmoja tu. Ikishindikana, limeni kwingine kote mwiache ile kona ya kisiki, kwani mume wangu anaihisi moyoni. Ikishindikana kabisa, naomba ufungue sanduku la marehemu bibi. Mama Mkubwa aliniambia mna sarafu za namna hiyo, zimefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Chukua moja, pita karibu na kisiki, na utoboke mfuko.

Nisipopata jibu kufikia Ijumaa, mimi na mume wangu tutatandika mkeka mbele ya trekta na kukaa hapo tukiwa tumeshikana mikono. Tunaweza kukaa hivyo muda mrefu sana. Tumeshajaribu.

Nisalimie Mama Mkubwa na kijiko chake, dereva wa trekta, na wafanyakazi wote, hata wanywaji wa soda.

Ni mimi mtiifu, ninayependwa kupita kawaida,

Mkamwana wako mpya

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Mume wangu amerudi mbio, hata baiskeli ameisahau shambani. Amepata sarafu! Kongwe, yenye tundu, pale pale kwenye kisiki, kina cha kidole kimoja. Kwenye tundu palikuwa na uzi wa bluu. Yeye hakuuona kwa furaha. Nimeutoa kimyakimya, nakurudishia ndani ya barua hii. Baba Mkubwa, na barua yenyewe sikuwa hata nimeituma! Yale ya namba nne nayafuta.

Alitaka kwanza kupima kidole changu. Washa ikagoma kutoka, maana nimenenepa tangu harusi. Tukajaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kupikia. Alipoinuka kwenda kuleta msumeno wa chuma, nilijikuta nimeukumbatia mkono wangu nikilia kwamba mtu asiiguse pete yangu. Alinitazama, akatazama washa, akakaa chini akacheka mpaka machozi.

Tumekubaliana kuirudisha sarafu penye kisiki, safari hii kina cha mkono mzima, ili siku moja mkamwana wa ukoo huu asiseme babu zake hawakumfikiria.

Lima Jumamosi, Baba Mkubwa. Ila penye kisiki, mwambie dereva apite juu juu.