Mstari wa Pili wa Chumba cha Saba

Jumatatu, 3 Juni
Bosi ametoa kazi ya heshima. Vipima joto vifungwe katika vyumba vyote vya baridi vya ghala, namba zipae zenyewe mpaka kwenye wingu la mtandao, naye azitazame kwenye simu akiwa amekaa kwake. Atakayefanya vizuri ndiye mkuu wa kitengo. Tunaoshindana ni wawili: mimi wa kompyuta, na Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa majokofu. Yeye ana mikono. Mimi nina akili. Kazi kwake!

Vyumba nilivyopangiwa nimemaliza vyote, isipokuwa cha saba. Kipo chini kabisa, mwisho wa ukumbi. Mtambo wake ulikufa zamani, na mlango hujifunga wenyewe. Nilipousukuma nikapigwa na hewa ya uvuguvugu, kama pumzi ya mtu. Nikakumbuka nina familia inayonitegemea. Ngazi nilizipanda mbilimbili.

Jumanne, 4 Juni
Akili ni nywele! Watengenezaji wa vifaa wametoa maktaba. Si ya vitabu, ni programu zilizoandikwa tayari. Unaiambia tu: kifaa ni hiki, namba ni hii, tuma. Inatuma. Haikuulizi namba umeitoa wapi. Laiti ndugu wa mke wangekuwa hivyo.

Nimeandika programu fupi ya kubuni joto la chumba cha saba. Linapanda kidogo, linashuka kidogo, kama jokofu lililolelewa vizuri. Kifaa chenyewe nimekipeleka nyumbani, juu ya kabati, ndani ya boksi lake, hakina hata betri. Bosi amesema chumba changu kimetulia kuliko vyote. Shemeji kanuna. Lo, raha!

Jumatano, 5 Juni
Makubwa. Kwenye grafu, juu ya mstari wangu, umetokea mstari wa pili. Kifaa kilekile, jina lilelile. Wangu ni wa baridi. Huu umekaa kwenye nyuzi thelathini na saba, haupandi, haushuki. Joto la mwili wa mtu.

Nikazima programu yangu. Mstari wangu ukakatika. Ule mwingine ukaendelea.

Nikampigia mke wangu atazame boksi. Akasema lipo, gundi haijabanduliwa, ila lina joto, kama chungu kilichotoka jikoni sasa hivi. Nikamwambia ni jua la dirishani. Akasema kabati haliko dirishani. Wanawake kwa ubishi!

Mstari wa pili nimeuficha, Bosi asiuone. Programu yangu nimeirudisha kazini.

Ijumaa, 7 Juni
Ya leo nayaandika kabla sijalala.

Asubuhi Shemeji alikuja mezani kwangu. "Shemeji, jokofu gani hilo halikosei hata kidogo? Na mtambo wa kule ulikufa!" Nikamwambia wivu si mtaji. Akasema anakwenda kuona kwa macho yake. Nimekwisha! Kimoyomoyo nikaomba mlango umkwamie.

Ukamkwamia.

Chakula cha mchana kikapita, Shemeji hayupo. Mstari wangu unasema kila kitu shwari. Nikafungua ule uliofichwa. Maktaba ina sehemu ya ujumbe, ambayo sijawahi kuigusa. Imeandikwa: FUNGUA. Chini yake: FUNGUA. Ikajaza skrini nzima.

Nikafikiria cheo. Nikafikiria nitamwambia nini mke wangu. Nikakimbia.

Mtambo uliokufa ulikuwa unanguruma. Mlango nilioupiga bega ukafunguka kirahisi, kana kwamba kuna aliyeuvuta kwa ndani. Shemeji amekaa sakafuni gizani, barafu kwenye nyusi, midomo ya bluu. Mkono wake mmoja tu ulikuwa na joto. Akanong'ona: "Ulikuwa umenishika muda wote. Ahsante, shemeji."

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia.

"Usijali," nikamwambia. "Ndiyo undugu."

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji yupo kitandani, anapona. Anamsimulia kila mgeni jinsi nilivyomshika mkono, na amejitoa kwenye kinyang'anyiro. Mke wangu amelia begani kwangu. Bosi aliuliza nilijuaje. Nikajibu: ufuatiliaji. Mimi ndiye mkuu wa kitengo!

Ujumbe wa leo kwenye mstari wa pili: NA WEWE NJOO. Nimeifuta sehemu ya ujumbe. Hakuna cha njoo wala nenda.

Jumatatu, 10 Juni
Bosi kanikabidhi ghala la pili, lenye vyumba vingi zaidi. Kwenda huko kwa nini, na programu ninayo? Nimenakili namba za vifaa, maboksi yote nikayapanga juu ya kabati. Mke wangu amehamia kwa kaka yake, ati kumuuguza.

Jioni Bosi alipiga simu. Anauliza mbona kila chumba cha ghala jipya kinaonyesha nyuzi thelathini na saba.

Nimemwambia vifaa ni wageni bado. Watatuzoea.