Siku Shura Ilipouvamia Ukuta wa Jikoni

Uvumi ule ulinifikia siku ya Jumanne, nikiwa nimesimama mikono juu napimwa gauni, na tangu saa ile haukunitoka kichwani, hata nilipojaribu kuufukuza kwa kuimba. Basi njooni, enyi mama wote mpikao ndani ya kuta nne, sogezeni vigoda, zimeni redio, msikie habari za vita vikuu vilivyopiganwa siku nne katika jiko lenye upana wa hatua nne, baina yangu mimi, mama wa binti mmoja na wavulana wawili, mshika mwiko, mlinzi wa masufuria, na adui mweupe aitwaye shura.

Aliyeuleta uvumi ni fundi cherehani wetu, mwanamke mwenye pini mdomoni na habari za mtaa mzima nyuma ya pini.

"Dada, ule unga mweupe unaoota ukutani kwako jikoni, jina lake unalijua?"

"Si chokaa tu inabanduka?"

"Chokaa wapi. Ile ni shura. Geuka. Zamani watu walikuwa wanaikwangua kwenye kuta, wanaichanganya na mkaa, wanapata baruti ya mizinga. Kiuno kimeongezeka, ujue."

La kiuno sikulisikia. Nilikuwa nauona moyoni ukuta wangu wenye ndevu nyeupe, na gunia la mkaa limeuegemea ukuta huo huo, kama watu wawili wanaopanga njama.

Nikarudi nyumbani nusu mbio. Nikalinyanyua gunia, mimi ambaye mgongo wangu hulalamika hata nikiinua mto, nikalihamishia chumbani, upande wa mume wangu. Nikapiga marufuku moto wa kila namna. Kisha nikawaza kama jemadari: baruti iliyolowa haiwaki. Nikashika ndoo, nikaumwagia ukuta maji, ndoo tatu asubuhi na ndoo tatu jioni, bila kukosa, kama mtu anyweshaye ng'ombe.

Mume wangu, mvumilivu wa wavumilivu, akarudi kutoka kazini akakuta mkate mkavu na maji ya baridi.

"Mama watoto, chai?"

"Baba watoto, unataka chai au unataka paa juu ya kichwa chako?"

Akafikiri. "Paa lenye chai chini yake."

"Hilo kwa sasa halipo."

Akala mkate wake, akaenda kulala ubavuni mwa gunia, na asubuhi akatoka kwenda kazini na shavu moja jeusi.

Walakini tazameni hila za adui. Kadiri nilivyommwagia maji, ndivyo alivyonenepa. Jumanne alikuwa na ukubwa wa sahani, Jumatano sinia, na Alhamisi alikuwa amekwisha kulifikia dirisha, laini kama manyoya ya kifaranga, akinitazama bila haya. Nami nikaongeza ndoo ya nne.

Alhamisi hiyo mchana simu ikalia. Alikuwa binti yangu, aliyejifungua Jumatatu, mtoto wake wa kwanza na mjukuu wangu wa kwanza. Kila jioni nilikuwa nakwenda wodini kumwona, lakini habari za moto nilizimeza.

"Mama, kesho saa sita wananiruhusu. Nasikia kwako hampiki."

"Nani kasema?"

"Baba. Nilimuuliza shavu limefanya nini. Sasa mama, mtoto nitamwogesha na nini? Mama mkwe kasema kwake maji ya moto yapo saa zote. Na kuta zake zina vigae."

"Ametaja vigae?"

"Mara mbili. Mama, mimi nataka kuja kwako. Lakini kama kesho moto hakuna, naenda kwake, na usinune."

Hapo nikaketi. Baruti ningeweza kuizoea. Lakini mtoto niliyemsubiri miezi tisa, niliyemshonea vikofia vitano, apelekwe akaogeshwe kwenye vigae vya mtu mwingine, hilo hapana.

Ijumaa asubuhi nikamwita fundi mwashi, mzee mfupi aliyeujenga ukuta ule. Akaugusa, akaitazama sakafu iliyolowa, akaitazama ndoo.

"Mama, hii ndoo ya nini?"

"Ya kuzuia baruti."

Fundi akaigeuza ndoo, akaikalia, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipopata pumzi akasema maneno ambayo nayaandika hapa yote, msije mkasema sikuwaambia.

"Sikiliza, mama yangu. Shura ni chumvi. Inakaa kwenye udongo na kwenye matofali. Unyevu ukipanda ukutani, inapanda nao. Unyevu ukikauka, yenyewe inabaki nje, nyeupe hivi. Ni kweli zamani iliingia kwenye baruti. Wengine wanaitia kidogo kwenye nyama isiharibike, na wakulima kwenye mbolea. Halafu si kila chumvi ya ukuta ni shura hasa, sisi watu tunaiita hivyo zote. Lakini ukutani peke yake hailipuki."

"Na maji yangu?"

"Maji yako ndiyo chakula chake. Umemlea, kakua."

"Dawa yake?"

"Brashi kavu. Dirisha wazi. Na lile pipa lako la maji lililobanana na ukuta huko nje, tulisogeze. Maji usitie hata tone."

"Na moto?"

"Washa. Utasaidia kukausha."

Basi ilipotimia saa nne na nusu nikafunga kitambaa puani, nikavaa miwani ya kusomea ya mume wangu, nikatwaa mkononi brashi ya viatu, silaha iliyopigana na vumbi la miaka kumi na moja. Nikashambulia kuanzia dirishani kushuka chini. Adui akaanguka vikosi kwa vikosi juu ya gazeti, kimya, mweupe, bila kuomba msamaha, nami nikamkunja pamoja na habari za michezo, nikamtupa mbali.

Ikabaki kuwasha. Nikamwamuru fundi atoke aende uani.

"Nimeshasema hailipuki, mama."

"Basi simama nje ukiamini hivyo."

Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ya tatu nikaiwasha nimefumba macho. Mkaa ukashika. Ukuta haukusema neno.

Saa sita na dakika kumi binti yangu akaingia mlangoni, mtoto kifuani, mume wangu nyuma na mizigo.

"Mama, maji yapo?"

"Yanachemka."

Na ijulikane kwa vizazi vyote kwamba Ijumaa ile, katika beseni la bluu lenye ufa ukingoni, mjukuu alioga maji ya moto kwa bibi yake mzaa mama, akapiga kelele zilizosikika mpaka kwa fundi cherehani, akalala.

Nanyi mliobaki na kuta zenu, epukeni haya:

Usimwagie maji ukuta wenye shura.

Usibananishe pipa la maji na ukuta.

Usipake rangi kabla ukuta haujakauka. Itabanduka yote.

Usiifagie bila kufunga pua.

Shura ya kununua usiiweke karibu na chumvi ya kupikia, wala mahali mtoto anapofika, wala karibu na moto.

Usiulambe ukuta ili kujua kama ni shura. Nilijuaje, msiniulize.