Kiini cha Pembetatu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemtengenezea mlango Mwalimu Kornel, mstaafu wa hapa Nachingwea. Kanipa kitabu cha falsafa. Nimesoma kurasa tisa. Kichwa kinawaka! Mfaransa mmoja wa zamani anasema pembetatu ina kiini chake, cha kweli na kisichobadilika, hata kama duniani hakuna pembetatu hata moja.

Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ni nini? Pembetatu! Na keshokutwa naezeka jiko la Mzee Abdalah, Ruangwa. Likisimama, namposa binti yake, Zuleha. Fundi Huzaifa naye anamtaka. Ana pikipiki na drili. Hana falsafa.

Jumatano, 6 Agosti
Ruangwa. Mbao mbili nilizikata vibaya, fupi. Nimezipigilia hivyo hivyo. Kiini hakipungui kwa inchi nne. Huzaifa kapita, kasema kenchi zimelegea. Nikamjibu kwamba yeye anatazama kwa macho, mimi kwa akili. Akacheka mpaka akashikilia pikipiki.

Alhamisi, 7 Agosti
Paa limekaa chini. Juu ya sufuria la mbaazi. Hakuna aliyeumia, ila kuku mmoja hana tena mkia.

Mzee Abdalah kauliza nina la kusema. Nikasema paa limeanguka, lakini pembetatu haijaanguka.

“Basi mwanangu, masika ikifika tutajifunika hiyo pembetatu?”

Kampigia simu Huzaifa. Mbele yangu!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimehamia sura nyingine ya kitabu. Baada ya swala nikamfuata Zuleha barazani kwao. Nikamweleza kuwa watu wote tuna kiini kimoja, ubinadamu. Mimi na Huzaifa ndani ni kitu kile kile. Pikipiki, drili, paa kuanguka, hayo ni mambo ya nje tu. Sasa kwa nini amchague yeye?

Zuleha akafikiri. Akauliza kama na wanawake ni hivyo hivyo. Nikasema kwa furaha: wote! Kiini kimoja!

Akageukia mlangoni. “Shangazi Hajra, njoo! Bashiri kaja kukuposa!”

Bi Hajra kafiwa na waume watatu. Mikono yake kama magogo ya mninga. Kasema amesikia yote na hana pingamizi. Mzee Abdalah kasema alhamdulillahi. Haraka mno.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimetoroka na basi la kwanza. Bure. Nimefika Nachingwea, mama keshapigiwa simu, anachambua mchele, anaimba.

Nikajifungia na kitabu. Sura ya tano imeniokoa! Mjerumani mmoja anasema bustani nzima huwezi kupata majani mawili yaliyo sawa kabisa. Kila kitu kina kiini chake peke yake! Kwa hiyo Bi Hajra si Zuleha. Tena Bashiri aliyeropoka jana si huyu wa leo. Kesho narudi Ruangwa kumfafanulia Bi Hajra, ana kwa ana.

Nimechuma majani mawili ya mkorosho kama ushahidi. Nimemwonyesha mama. Kasema yako sawasawa.

Mama hajasoma.